Ng'ombe wa Sifuna

Phelista alikuwa ameinama juu ya gunia la vitunguu, anachambua vilivyooza, aliposikia mtu akiuliza nyuma yake, "Mama, nikubebee?" Hakuinua kichwa. Sokoni Kitale ukiinua kichwa kila unapoitwa mama utarudi kwako huna ulichonunua. Vitunguu vya Suam vilikuwa vimeshushwa kwenye lori asubuhi hiyo, wanunuzi walikuwa wengi, na yeye alitaka gunia moja safi la kupeleka Webuye kabla jua halijawa kali.

"Mama, mzigo ni mzito. Nikupelekee mpaka steji."

"Toka hapa, chokoraa," akasema mwenye vitunguu, akaokota kitunguu kibovu akakirusha. Kilimpata mtu kifuani. Hapo ndipo Phelista alipogeuka, na wala haikuwa kwa huruma. Aligeuka kwa sababu hakusikia tusi. Watoto wanaolala nje Kitale hutukana wakiguswa, hawana silaha nyingine. Huyu hakutukana. Alisimama wima, mikono nyuma, macho mbele, maji ya kitunguu yakimtiririka kifuani, na hakupepesa jicho.

Phelista alishawahi kumwona mtoto akisimama hivyo. Ilikuwa Matulo, uani kwake, mwezi wa nane.

"Sifuna," akasema.

"Anti." Mtoto hakusogea. Koti la mtu mzima lilimfika magotini, na ndani ya mkono wa koti kulikuwa na chupa ya gundi aliyoisukuma juu haraka, kama ambavyo mtoto mwingine angeficha peremende. Nyuma yake alikuwa amejibanza mtoto mdogo wa miaka minane hivi, ameshika pindo la koti lile, ana kiatu kimoja.

Phelista aliacha gunia lake hapo hapo. Aliwapeleka kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya soko, na mwenye kibanda, mama aliyejifunga kitambaa kizuri cha kichwa, akawatazama watoto, kisha akalitazama benchi lake.

"Hao wanywe wakiwa wamesimama huko nje. Wateja wangu wanalalamika juu ya harufu."

"Wataketi," Phelista akasema. "Harufu ikikushinda nitakulipa na sabuni. Leta chai tatu na mandazi sita."

Waliketi. Yule mdogo alikula mandazi mawili bila kutafuna vizuri, la tatu akaliweka mfukoni. Sifuna alikunywa chai polepole, kwa adabu zake za zamani, na adabu zile zilimchoma Phelista kuliko uchafu wa koti. Huyu alikuwa mtoto wa gredi ya saba. Katikati ya Oktoba wenzake walikuwa darasani.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Si anajua. Kwake Tuwan si mbali. Anapita na pikipiki yake kila siku. Akiniona anaangalia upande ule mwingine."

"Alikufukuza?"

"Alisema mwoga halali kwake. Ati nirudi Matulo nimletee nyama ya khocha, ama nisionekane."

"Na mbona hukurudi?"

"Nirudi kwa nani, anti?"

Mwaka ule wa 2024 ulikuwa mwaka wa tohara, na kwa Wabukusu mvulana anayetahiriwa hufunga njuga mkononi akaenda kumwita khocha, yaani mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba humpokea kwa ukali. Humzaba kofi, humwita mwoga, humwambia arudi kwao akanyonye. Kila aliye uani anajua ni mtihani, na mvulana naye anajua. Akisimama bila kupepesa, mjomba hugeuka, huingia zizini na kumtoa ng'ombe wa kuchinjwa, na nyama yake mvulana huvikwa shingoni akarudi nayo kwao kwa nyimbo. Kati ya kofi na ng'ombe hakuna nafasi hata ya mtu kukohoa.

Khisa, mume wa Phelista, alizaba kofi. Maneno aliyasema yote. Kisha akaingia nyumbani, akaketi, akaomba chai.

Phelista alimpa chai. Kupitia mlango wa jikoni alimwona Sifuna amesimama pale pale, mikono nyuma, shavu limevimba, mpaka kivuli cha zizi kikamfika miguuni. Wavulana wawili waliomsindikiza kutoka Kitale walichoka wakaenda kukaa barabarani. Yeye akasimama. Mwishowe akavua njuga, akazitundika kwenye nguzo ya zizi, akaondoka bila kukimbia. Jairus, kaka yake Khisa, alikuja baadaye akitarajia nyama, akazikuta njuga, akacheka kwa sauti akasema mtoto wa mjini amehepa. Khisa hakumsahihisha. Neno likaenda, na lilifika Tuwan kabla ya mtoto.

"Anti, nataka nikuulize." Sifuna alikuwa ameweka kikombe chini. "Nilihepa?"

"Hapana. Ulisimama. Nilikuona kwa macho yangu."

"Sasa mbona hukusema?"

Angeweza kumjibu kwamba mambo ya tohara si ya wanawake. Lilikuwa jibu zuri, na Matulo nzima ingelikubali. Lakini mbele ya mtoto yule aliona aibu aliyokuwa hajaionja tangu aolewe.

"Twende nyumbani leo," akasema.

"Siendi. Huko nitaitwa mwoga mpaka nizeeke. Khocha aje hapa. Hawa maboi tunalala nao wamesikia hiyo stori, wananiita Mahepe. Aje mbele yao aseme nilisimama. Asipokuja pia ni sawa, mimi nimezoea."

"Hujazoea. Na huyu ni nani?"

"Ni Kip. Kipyegon. Ananifuata tu. Akilala peke yake wale wakubwa wanamnyang'anya viatu." Akatazama mguu wa mwenzake. "Bado hawajamaliza."

*

Vitunguu vya siku hiyo Phelista aliviacha sokoni. Aliulizauliza hadi akafika ofisi ya watoto, akapanga foleni kwenye benchi kando ya mzee mmoja aliyemweleza, bila kuulizwa, kwamba watoto wa barabarani wanapenda barabara na ukiwaokota watakuibia redio. Phelista alimwambia kwake hakuna redio.

Afisa aliitwa Waithera, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyesema jambo moja mara elfu na bado analiamini. Aliwajua watoto wote wawili. Alijua hata baraza wanapolala, nje ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Mimi nataka tu nimchukue," Phelista akasema. "Ni wa wifi yangu Linah, aliyekufa. Ni damu ya nyumba yangu."

"Mtoto si gunia, mama, uchukue sokoni uende. Lakini umefanya vizuri kuja. Sisi tunatafuta jamaa kwanza. Makao ya watoto ni mahali pa mwisho kabisa." Akachomoa karatasi. "Baba yake yuko hai, kwa hivyo atatia sahihi. Ulete barua ya chifu wa kwenu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na mzee wa boma, mume wako, pia atie sahihi. Anajua?"

"Atajua."

Waithera akamtazama juu ya miwani. "Na kuna kitu kingine watu husahau. Mtoto mwenyewe ataulizwa. Ana haki ya kuwa na kwao, na ana haki ya kusema kwao ni wapi. Akikataa kwenda kwenu sitamlazimisha."

"Ameshasema. Anataka mjomba wake aje aongee mbele ya wale wenzake."

"Basi hilo ndilo sharti lake, na linaingia kwenye faili." Akaliandika kweli, kwa herufi kubwa, na Phelista akashangaa kuona jambo lile la uani kwake limekuwa jambo la serikali.

"Na yule mdogo?"

"Kipyegon ni wa huko juu mlimani. Ana nyanya. Nimetuma ujumbe kwa chifu wao, bado wanamtafuta."

Kutoka hapo alikwenda Tuwan. Wekoye, baba yake Sifuna, alikuwa anaosha pikipiki mbele ya nyumba, na alipomwona Phelista alichukua muda mrefu sana kusuuza gurudumu moja.

"Ng'ombe za mahari ya Linah sikuleta, najua," akasema kabla hajaulizwa. "Khisa amenikasirikia mimi. Lakini mtoto pia ameniaibisha. Abiria wangu wananiuliza, ati kijana wako alihepa kisu kabla hata hajakiona."

"Hakuhepa. Alisimama mpaka chai ya Khisa ikaisha. Nilikuwepo."

Wekoye aliacha kusuuza. "Khisa alikunywa chai?"

"Vikombe viwili."

Alikaa chini kwenye jiwe, tambara mkononi, maji machafu yakidondoka juu ya viatu vyake. Phelista hakumhurumia sana. Mtu anayeweza kumpita mwanawe na pikipiki kila siku anaweza pia kukaa juu ya jiwe. Alimpa kalamu, na Wekoye akatia sahihi juu ya kiti cha pikipiki, karatasi ikilowa pembeni.

*

Khisa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya kazi iwe ngumu. Mtu mbaya ukimshtaki majirani wanaitika. Khisa alisomesha binti yao Nabwile bila kuuza hata robo ya shamba, alisaidia kubeba majeneza ya watu ambao hawakuwa wa ukoo wake, na kanisani alikaa kiti cha pili kutoka mbele. Jioni hiyo alikuwa ametoka kuvuna mahindi, shingo imejaa mavumbi, na Phelista alimwacha ale kwanza.

"Nimemwona Sifuna," akasema. "Analala nje Kitale. Anavuta gundi."

Khisa aliosha mikono kwa muda mrefu. "Yule ana baba."

"Baba ameshatia sahihi aje kwetu. Nimeshaenda ofisini. Wewe pia utatia, kisha uende ukamwambie mbele ya wenzake kwamba alisimama."

"Niende Kitale nikahutubie machokoraa?"

"Ndiyo."

"Phelista, ile ni mila. Kila mjomba anasema yale maneno. Mimi mwenyewe niliambiwa mabaya kuliko yale na mjomba wangu, mpaka leo tunakula pamoja. Mtoto amelelewa mjini, hakuelewa. Si kosa langu."

"Alielewa. Alisimama."

"Ningemtoa ng'ombe. Nilikuwa nampima tu."

"Ulikuwa unampima mpaka lini? Ulikunywa chai, Khisa. Ukaniambia niongeze."

"Nilikuwa na kiu."

Mambo kama hayo yakisemwa ndani ya nyumba, kila kitu kilichomo huanza kusikika. Kuku walijikunyata kwenye tenga. Nje, kwenye nguzo ya zizi, njuga zilikuwa bado zimetundikwa. Miezi miwili na zaidi Khisa alipita hapo kila asubuhi kutoa ng'ombe, na hakuwahi kuzishusha wala kuzitaja.

"Linah nilimbeba mgongoni," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na miaka tisa. Yule mtu akamchukua, hakuleta hata kwato moja. Tulipomzika alikuja kaburi limeshafunikwa. Halafu siku ile mtoto anaingia hapa na uso ule ule wa baba yake, anagonga njuga, anataka ng'ombe."

"Ana uso wa baba yake, na mama yake ni Linah. Unataka afanye nini na huo uso?"

Khisa alisimama, akasema atakayeongea tena juu ya tohara ndani ya nyumba ile na awe mwanamume, na kwamba yule ng'ombe aliyetengewa Sifuna hata hivyo anauzwa. Mwenye bucha kutoka Webuye angekuja kumchukua kesho saa nne.

Phelista alilia kidogo akiosha vyombo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akamaliza vyombo.

*

Saa tatu asubuhi, watu wa Matulo walimwona Phelista akipanda kuelekea barabara kuu akivuta ng'ombe dume kwa kamba. Ng'ombe yule alikuwa mnene na mpole, na alisimama kila penye majani mabichi. Kila aliposimama, Phelista alisimama naye. Begani alikuwa na mkoba wake wa kanisani, na mkononi, kwa wote kuona, njuga.

Mwanamke kuvuta ng'ombe si kitu. Lakini ng'ombe huyu alikuwa ametajwa mbele ya wazee mwezi wa saba kuwa ni wa mpwa wa Khisa, na njuga mkononi mwa mwanamke ni jambo ambalo hata mlevi huligeukia. Waliokuwa wakivuna waliweka panga chini. Watoto wakaanza kufuata.

Jairus alitokea kwake na mswaki mdomoni. "Wewe mama, leo umeamua kutahiriwa?"

"Nampelekea mwenyewe ng'ombe wake. Yuko Kitale, amelala nje."

"Yule aliyehepa?"

Hapo Phelista alisimama, na safari hii si kwa sababu ya majani.

"Hakuhepa. Nyinyi mnaosema alihepa hamkuwepo. Wewe Jairus ulikuja ukitafuta nyama, ukakuta njuga. Mimi nilikuwepo. Alizabwa kofi akasimama, akaambiwa hana mjomba akasimama. Mjomba akaingia ndani kunywa chai, na bado alisimama. Hapa kuna mwanamume aliyesimama hivyo peke yake, hana baba kando, hana wimbo, hana mtu?"

"Wewe ulikuwa jikoni," Jairus akasema, lakini mswaki alikuwa ameutoa.

"Jiko langu lina mlango."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mzee mmoja kwenye ua wa pili aliuliza kwa sauti, bila kumlenga mtu, kama ni kweli kulikuwa na chai. Swali hilo lilipita kutoka ua hadi ua haraka kuliko ng'ombe, na Khisa alipofika mbio, shati halijafungwa vifungo, lilikuwa limemtangulia. Aliliona kwenye nyuso.

"Unampeleka wapi?" akauliza.

"Kwa mwenyewe."

"Kitale ni mbali. Ng'ombe hatafika."

"Najua. Lakini nitafika nitakapofika, na kila nikiulizwa nitaeleza."

Khisa aliishika kamba. Hakuivuta. Walisimama hivyo, mke upande huu na mume upande ule, ng'ombe akila majani katikati, na mwenye bucha akaja na pikipiki yake, akatazama, akageuza bila kuzima injini. Khisa alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, na hakuwahi kutazamwa hivyo kwenye barabara ya kwao.

"Mrudishe zizini," akasema. "Jumamosi nitaenda."

"Utasema nini ukifika?"

"Sijui."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli kumpa tangu mwezi wa nane, na Phelista akaiachilia kamba.

*

Jumamosi Khisa alivaa koti lake la kanisani. Baraza la duka la vifaa lilikuwa na watoto kumi na mmoja, wengine wamelala ingawa jua lilikuwa juu, wengine wanacheza karata. Waithera alikuwa amekuja na faili chini ya kwapa, akaketi juu ya kreti la soda kando yao kama mtu aliyezoea kreti hilo. Phelista alisimama nyuma kidogo. Kazi yake alikuwa ameimaliza barabarani.

Sifuna hakusimama kumsalimia mjomba wake. "Umekuja," akasema.

"Nimekuja, mwana wa dada. Habari ya siku nyingi."

"Habari ni hii unaona."

Khisa akakohoa. Alikuwa ameandaa hotuba, ilionekana. "Sisi Wabukusu tuna mila zetu," akaanza. "Mjomba humkemea mvulana ili amwimarishe moyo. Na siku ile mimi kama mjomba..."

"Buda, hiyo tushaisikia," akasema kijana mkubwa aliyekuwa na karata. "Sema kama Mahepe alihepa ama hakuhepa."

Wengine wakacheka. Khisa aliwatazama, watoto wa kila kabila waliomcheka machoni, na koti likaanza kumbana mabegani. Angeweza kugeuka akaenda zake. Phelista aliona mguu wake wa kulia ukijiandaa.

Sifuna akainuka. Alikuja akasimama mbele yake, karibu, chupa imebaki chini. Alikuwa amekonda hata mfupa wa shingo ulionekana. "Mimi niko na swali moja tu, khocha. Ile siku ulikuwa unanipima, ama ulimaanisha?"

Sasa hili ndilo swali ambalo Matulo nzima haikuwa imeuliza. Kusema alikuwa anapima kungemwokoa Khisa, na hata mtoto labda angekubali, kwa njaa. Khisa alifungua mdomo kulisema. Halafu akamtazama mtoto usoni, na Phelista, aliyekuwa amelala kando ya mtu huyu miaka ishirini na miwili, alimwona akiuona uso wa Linah ndani ya ule wa Wekoye.

"Nilimaanisha," Khisa akasema.

Karata zilisimama.

"Nilikuona nikamwona baba yako. Maneno ya mila ndiyo nilisema, lakini moyoni nilikuwa nakufukuza kweli. Nikaingia ndani. Kuna dirisha pale, nilikuwa nakuchungulia. Nilikuwa nangoja uondoke ili niseme umehepa. Hukuondoka. Nikamaliza chai, nikaongeza nyingine, nachungulia tena, bado uko. Nikashindwa nitoke nikuangalie vipi. Wewe ulisimama, Sifuna. Siku hiyo aliyehepa ni mimi."

Aliingiza mkono kwenye koti la kanisani akatoa njuga, akazishika mbele yake kwa mikono miwili. Kijana wa karata akamtazama Sifuna, akasema polepole, "Kumbe," na hakumwita tena Mahepe, siku hiyo wala nyingine.

Sifuna hakuzichukua upesi. Macho hakuyapepesa. "Na ng'ombe?"

"Yuko zizini. Ni wako. Hata ukikataa kuja ni wako, nitamlisha."

"Mwaka huu umeshapita."

"Utakuja mwingine. Wewe rudi shule kwanza."

Waithera alimwita Sifuna kando, akamuuliza mambo yake kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, na ni mtoto aliyejibu, si mtu mzima yeyote. Iliwachukua muda. Alipomaliza akamletea Khisa karatasi, na Khisa akatia sahihi juu ya goti lake.

"Na Kip?" Sifuna akauliza. "Mimi nikienda, yeye analala na nani?"

"Nyanya yake amepatikana," Waithera akasema. "Lakini anaumwa, na ni lazima nipande nione hali ya boma kwanza. Wiki mbili, labda tatu."

"Na hizo wiki tatu?" Phelista akauliza. Alijua jibu. Alitaka tu liulizwe mbele ya mumewe.

"Kuna fomu ya kukaa naye kwa muda. Lakini ni lazima boma likubali. Lote."

Walimtafuta Kipyegon kwa macho. Alikuwa amesogea peke yake mpaka mbele ya Khisa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alikuwa amesikia yote, na kwa akili yake ya miaka minane alikuwa ameelewa kitu kimoja, kwamba mzee huyu ukitaka kwenda kwake ni lazima kwanza akupige. Kwa hivyo alisimama wima kama alivyofundishwa na Sifuna, mikono nyuma, macho mbele, shavu amelitega, akingoja kofi.

Khisa alimtazama. Uso wake ulikunjamana wote, na kwa muda Phelista alidhani ataanguka. Badala yake alipiga magoti kwenye saruji ya lile baraza na suruali yake ya kanisani, akamshika mtoto mikono yote miwili akaitoa nyuma, akaileta mbele.

"Hapana," akasema. "Wewe hupimwi."

Kisha akageuka kwa Waithera na kunyoosha mkono wake mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado umemshika mtoto.

"Lete hiyo fomu."